Kuteguka kwa Goti: Somo Linaloanzia kwa Akhwari

Wapenzi wa riadha nchini, hata wale waliozaliwa miaka mingi baadaye, humkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu kwa jambo moja. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, alianguka akiwa katikati ya kundi la wakimbiaji kabla hajafika nusu ya njia. Akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani gizani, akichechemea, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57 na wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, ilhali zaidi ya 15 walikwisha kuacha njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumpeleka mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali azimalize.

Simulizi husema goti lake liliteguka. Neno hilo ndilo hasa linalotuleta Mafia. Kijana aliyeumia katika mechi ya mchangani pale Kilindoni, mkwezi aliyeteleza chini ya mnazi, mvuvi wa Jibondo ambaye mguu wake umebanwa kati ya mashua na mwamba, wote hufika kituoni wakisema, "Nimeteguka." Kwa mgonjwa neno hilo linatosha. Kwa mhudumu ni mwanzo tu wa maswali, kwa sababu ndani yake kuna majeraha yasiyofanana: kano iliyovutika, kano iliyokatika, gegedu lililochanika, pia ya goti iliyohama, mfupa uliovunjika, na kiungo kizima kilichotenguka. Jeraha la kwanza hupona kwa mapumziko. La mwisho linaweza kumpotezea mtu mguu kabla ya jua kuchwa.

Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo lisilosubiri. Mfupa wa paja na muundi vikiachana kabisa, kano karibu zote za goti hukatika, na mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti huweza kuvutwa hadi kuchanika au kuziba. Mtu wa namna hiyo hakimbii kilomita 20 zaidi. Ni vigumu mno kuamini kwamba goti la Akhwari lilitenguka kwa maana hiyo, ingawa magazeti yameliandika hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Shida ni kwamba goti lililotenguka mara nyingi hurudi lenyewe mahali pake, au hurudishwa na wenzake mgonjwa palepale uwanjani, kiasi kwamba anapofika kwa mhudumu umbo lake ni la kawaida na kinachoonekana ni uvimbe tu. Kwa hiyo kila goti lililoumia kwa nguvu lipimwe mapigo ya damu mguuni, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani, na yalinganishwe na ya mguu mzima. Mwulize mgonjwa kama anahisi unapomgusa kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili. Mwambie ainue unyayo juu. Vipimo hivi havihitaji umeme wala mashine, na vinafanyika hata katika zahanati ya kisiwani iliyo na mhudumu mmoja.

Mapigo yakiwa hafifu, au mguu ukiwa wa baridi na umepauka, saa zimeanza kuhesabika. Misuli isiyopata damu huanza kufa, na baada ya takribani saa 6 hadi 8 uwezekano wa kukatwa mguu huongezeka sana. Msomaji anayeifahamu Mafia anajua saa hizo zina maana gani. Mgonjwa wa Jibondo au Juani huvuka kwanza kwa mashua hadi kisiwa kikuu, ndipo asafiri kwa barabara hadi Kilindoni. Na kutoka Kilindoni kwenda kwa wataalamu wa mishipa na mifupa Dar es Salaam ni ama ndege ndogo, ama chombo hadi Nyamisati na gari baada ya hapo. Bahari haina haraka na mtu. Uamuzi wa rufaa hauna budi kufanywa katika dakika za kwanza, si baada ya kulaza mgonjwa usiku kucha ili kuona ataamkaje. Hata yule ambaye mapigo yake ni mazuri, ikiwa kuna shaka kwamba goti lilitenguka, yapimwe tena na tena kwa muda wa siku moja au mbili, kwani mshipa uliochubuka ndani unaweza kuziba baadaye.

Baada ya kuliondoa hilo, maswali mawili hufanya kazi kubwa kuliko mengine yote. La kwanza: goti lilivimba lini? Uvimbe unaojaa ndani ya saa mbili hivi, hasa kama mgonjwa alisikia mlio wa kitu kukatika, mara nyingi ni damu ndani ya kiungo, na damu hiyo humaanisha kano ya katikati ya goti imekatika, au pia ya goti ilihama, au mfupa umevunjika. Uvimbe unaoonekana kesho yake huelekeza zaidi kwenye gegedu au mvutano wa kawaida. La pili: uliweza kutembea? Asiyeweza kupiga hatua nne, wakati wa kuumia na pia mbele yako, apigwe picha ya eksirei. Vivyo hivyo mwenye umri wa miaka 55 au zaidi, mwenye maumivu ukibonyeza pia ya goti peke yake au kichwa cha mfupa mdogo upande wa nje, na asiyeweza kukunja goti hadi pembe ya nyuzi 90. Kanuni hii ilitungwa Ottawa, Kanada, ili kupunguza picha zisizo za lazima. Kwetu sisi inasaidia vilevile kujua nani asirudishwe nyumbani bila picha.

Na mtoto mwenye homa, goti la moto na lililovimba, asiitwe ameteguka hata kama mama yake alimwona akianguka. Watoto huanguka kila siku. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache, na huyo naye ni wa rufaa ya haraka.

Kuhusu kuchua. Katika kisiwa cha minazi, mafuta ya nazi na mikono ya mkandaji hufika kabla ya dawa yoyote, na si busara kumkaripia mgonjwa kwa hilo. Akikaripiwa, safari ijayo hatasema. Aelezwe sababu. Katika siku mbili au tatu za mwanzo mishipa midogo iliyochanika bado inavuja, na kuchua, kukanda kwa maji ya moto au kuvuta kiungo huongeza kuvuja huko. Kinachofaa ni kupumzisha mguu, kuuinua juu ya mto, kuufunga bendeji ya mpira isiyobana vidole, na kuuweka barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha kuiondoa. Barafu ya samaki inafaa kabisa. Mkandaji mwenyewe akishirikishwa anaweza kuwa mtu wa kwanza kutambua mguu wa baridi na kumleta mgonjwa mapema.

Linabaki swali ambalo mchezaji huuliza kabla hajakaa vizuri kitini: nitarudi lini uwanjani? Hapa kumbukumbu za mashabiki hutupotosha kidogo. Tunamsimulia Akhwari wa 1968 na kumsahau Akhwari wa 1970, aliyeshika nafasi ya 5 katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Kati ya mbio hizo mbili kuna karibu miaka miwili.

Mashabiki wa besiboli wa Detroit, Marekani, wana kumbukumbu ya namna nyingine. Mrushaji wao Mark Fidrych alitikisa nchi mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 21. Alishinda michezo 19, na watu walijaa uwanjani kumtazama akisema na mpira kabla ya kuurusha. Mwezi Machi 1977 alichanika gegedu la goti mazoezini, akapasuliwa, na kabla ya Mei kuisha alikuwa amerudi kurusha. Mwezi Julai mkono wake ukafa ganzi. Alihangaika miaka kadhaa, akaacha mchezo, na ni mwaka 1985 tu ndipo daktari James Andrews alipogundua kwamba kano za misuli inayozunguka bega zilikuwa zimechanika. Nguvu ya mrushaji huanzia mguuni, hupita gotini na kiunoni, ndipo ifike begani. Goti likiwa dhaifu, bega hulipa. Mvuvi anayevuta jarife kwa goti bovu yumo katika hesabu hiyohiyo, naye akija kulalamikia bega aulizwe habari za magoti.

Kwa hiyo tarehe pekee haimrudishi mtu uwanjani. Goti lisiwe na uvimbe, likunjuke na kukunjika lote, paja liwe na nguvu sawa na jingine, na mgonjwa aweze kuruka kwa mguu huo mmoja umbali unaokaribia ule wa mguu mzima. Aliyepandikizwa kano ya katikati kwa upasuaji asirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9. Asiyepasuliwa naye aweza kuishi na kufanya kazi vizuri akijenga misuli ya paja, na zoezi la kwanza hufanyika kitandani: kanga ikunjwe, iwekwe chini ya goti, mgonjwa aikandamize kwa kukaza paja, ahesabu hadi 5, aachie, mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kuanzia siku maumivu yanapomruhusu.