Jina la Baba Halifutwi

Ndugu msomaji, mimi nafundisha darsa Kakamega, na haya niandikayo yametokea mbele ya macho yangu. Kijana mmoja wa Kiluhya alisilimu. Alipotaja jina lake na la babaye mbele ya jamaa, wageni wawili waliotoka pwani wakacheka, na mmoja akamwambia, "Haya si majina, ni mlio wa ngoma. Tangu leo wewe ni Yusuf bin Abdalla." Kijana akanyamaza. Juma lililofuata hakuja. Nilipomwendea kwao nilimkuta babaye, mzee asiye Muislamu, akaniuliza, "Sheikh, dini yenu imekwisha kunizika?"

Majina ya Waluhya yana maana zake. Wekesa ni aliyezaliwa wakati wa mavuno, Wafula wakati wa mvua, Simiyu wakati wa kiangazi, Wanjala wakati wa njaa. Na wa kike ni Nekesa, Nafula, Nasimiyu na Nanjala. Nasi wa pwani tuna Juma na Khamisi, Ramadhani na Mwanaidi, Chausiku, tena Tabu, Shida na Mashaka. Tofauti i wapi? Masikio yetu yamezoea haya, hayakuzoea yale. Na mazoea ya sikio si hoja katika sharia.

Sharia hutazama maana. Mtume (s.a.w.) alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani mwenye kuasi, akamwita Jamila. (Wenye binti zao Asya, kama mke wa Firauni, wasitishike, lile la kuasi huandikwa kwa herufi ya ain.) Lakini Hazn, ambaye jina lake maana yake ni ardhi ngumu, alipoambiwa awe Sahl, mwepesi, alikataa kuliacha jina alilopewa na babaye, na Mtume hakumlazimisha. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, ndiye aliyesimulia kwamba ugumu ule haukuwatoka.

Lipo pia jina Makokha, litokanalo na majivu, apewalo mtoto ambaye nduguze waliomtangulia walikufa. Hapo pana la kusema, kwani wapo waaminio kuwa jina la kudhalilisha humficha mtoto na mauti. Itikadi hiyo ni batili, na mwenye kusilimu aelezwe kwa upole. Lakini ni mama wangapi wa miji yetu ambao, baada ya kuzika wawili watatu, humfunga wa nne hirizi? Anayemcheka Makokha na amvue kwanza mwanawe hirizi shingoni.

Ama jina la baba, hilo haliguswi. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, yaamrisha watu waitwe kwa baba zao, wala haikusema baba Waislamu tu. Siku ya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume alijinasibisha mbele ya adui na babu yake Abdul-Muttalib, aliyekufa kabla ya utume. Basi amwitaye "bin Abdalla" mtu ambaye babaye si Abdalla, amemnasibisha na asiyemzaa. Na hapa jirani Mumias, ambako Uislamu uliletwa na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, utawakuta Waislamu wenye majina ya Kiarabu yaliyofuatwa na ya ukoo wao wa Kiwanga.

Haya ndiyo niliyomjibu yule mzee. Kijana amependa mwenyewe kuitwa Yusuf, na jina la babaye limeandikwa nyuma yake kama lilivyo. Juzi amerudi darsani. Wale wageni wawili, wakisoma haya, waje wamtake radhi. Njia ya Kakamega wanaijua.