HANDHAL: NI DAWA AU NI SUMU?

Twaulizwa mara kwa mara na ndugu zetu: je, kunywa handhal kwa ajili ya maradhi ya sukari ni katika Sunna? Swali hili lataka majawabu mawili, moja la dini na moja la mmea wenyewe.

Handhal hutambaa juu ya mchanga katika majangwa ya Arabuni na Sahara, hata Bara Hindi. Ni ndugu ya tikiti kwa nasaba. Tunda lake ni la mviringo, kiasi cha chungwa, kijani lenye mistari, nalo likiiva huwa manjano. Ndani mna nyama nyeupe, nyepesi kama sifongo, na uchungu wake hausemeki.

Ama dini, Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari waliyoipokea Bukhari na Muslim, alimfananisha mnafiki asiyesoma Qurani na handhal. Na baadhi ya wafasiri wamesema kuwa ndio mti mbaya uliotajwa katika Sura Ibrahim, aya ya 26. Kote kuwili imepigiwa mfano wa ubaya, wala hamna humo amri ya kuinywa. Basi mwuzaji aibandikaye jina la "Dawa ya Mtume" amemzulia Mtume, na hilo si jambo dogo.

Ama mmea, matabibu wa kale, akiwemo Ibn Sina (980–1037), waliitumia nyama ya tunda hilo kuendesha tumbo, lakini kwa kipimo kidogo mno, tena wakiichanganya na vitu vya kuvunja ukali wake. Mabedui walitoa lami katika mbegu zake wakawapaka ngamia wenye upele. Watu hao waliijua, na kwa kuijua waliiogopa. Sisi huuziwa unga ndani ya karatasi, tukatia kijiko kizima!

Sumu yake huchubua matumbo, na wako waliolazwa hospitali kwa kuhara damu. Mjamzito asiikaribie, kwani yaweza kuharibu mimba. Ni kweli kuwa majaribio machache yameonyesha sukari kushuka kiasi kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini mwenye dawa za daktari asiziache kwa ajili hiyo. Na aliyekwisha kuinywa akaona damu, aende kwa daktari siku hiyo hiyo, amweleze wazi alichokunywa, wala asione haya.