Shangazi Ajibu: Vijana Wameicheka Ratiba Yangu

Shangazi, nimesimamia ujenzi wa maghala kwa miaka 14. Mwaka huu kampuni imenihamishia kitengo kinachotengeneza mfumo wa malipo ya simu. Nilipobandika ukutani ratiba yangu ya miezi tisa, vijana walitazamana wakacheka. Wao hufanya kazi kwa ajaili, yaani hatua fupi fupi zinazoweza kubadilishwa njiani. Sasa kila usiku niko mtandaoni nasoma. Kozi moja inanisukuma kwenye nyingine, zote zinauza vyeti, bando linakatika, na mke wangu anauliza nachati na nani. Nianzie wapi?
Mzee wa Ratiba, Dar es Salaam

Mwanangu, anza na mkeo: mketishe mbele ya hiyo skrini dakika kumi, atasinzia na wivu utaisha.

Vyeti viache kwanza. Mwongozo wa skramu, mojawapo ya njia za kufanya kazi kwa ajaili, ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland upo mtandaoni bure, na toleo la 2020 halifiki kurasa 15. Usome. Kisha usome tamko la ajaili lililoandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, Utah. Utashangaa kuona hawakuutukana mpango. Walikiri kwamba una thamani yake, ila wakatanguliza uwezo wa kubadilika mambo yanapobadilika. Hao vijana waliokucheka, sina hakika kama wote wamelisoma.

Wewe umezoea zege. Likishamwagwa, kubadili mawazo ni kubomoa, kwa hiyo ulikuwa sahihi kupanga kila kitu kabla. Mfumo wa malipo haujulikani ubaya wake mpaka wakala wa Kariakoo, mwenye foleni mbele ya kibanda chake, aubonyeze na kukwama. Ndiyo maana kazi hukatwa vipande vidogo, kila kipande ndani ya sprinti, yaani kipindi cha kazi kisichozidi mwezi mmoja, na mwishoni watumiaji wenyewe wanaonyeshwa kilichofanyika.

Hayo utayaelewa upesi. Utakapoumia ni kwenye kikao cha skramu cha kila siku, cha dakika 15. Saiti ulizoea kusimama asubuhi ukagawa kazi, na fundi akajibu, "Sawa bosi." Hiki si kikao cha kukuripotia wewe. Ni cha wale wanaotengeneza kupangana wenyewe kwa wenyewe siku hiyo wafanye nini. Utaona kijana amekosea hesabu ya muda, na ulimi utakuwasha. Nyamaza, kikiisha mfuate pembeni umuulize swali. Video za kueleza jambo hili ziko nyingi, lakini kunyamaza kwenyewe utajifunzia kazini. Kwa hiyo omba kipande kimoja kidogo, tuseme ukurasa unaomwonyesha wakala kamisheni yake ya siku, mkifanye kwa wiki mbili, mkipeleke kwa mawakala watatu. Hapo usiku ukiingia mtandaoni utakuwa unatafuta jibu la kilichowakwamisha mchana, na hata bando litadumu.

Ratiba yako usiitupe. Kampuni haiwezi kuendesha mfumo wa malipo nchini bila leseni ya Benki Kuu, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na leseni haitoki kwa sprinti. Nyaraka, ukaguzi na mikataba na benki vinataka mtu wa kuhesabu miezi kama wewe. PMI nao, taasisi inayotoa cheti cha usimamizi wa miradi kiitwacho PMP, walipobadili mtihani wa cheti hicho mwaka 2021 walichanganya karibu nusu kwa nusu: mbinu zako za zamani upande mmoja, ajaili na mseto wake upande wa pili.

Ukishamaliza sprinti kadhaa ndipo ufikirie cheti. Mtihani wa cheti cha skramu cha PSM I wa Scrum.org hauhitaji kozi yoyote kabla yake, lakini PMP inadai saa 35 za mafunzo, na hizo zina bei. Bili mpelekee mwajiri. Yeye ndiye aliyekuhamisha.