Mjumbe Hauawi: Somo la Diplomasia kutoka Msumbiji



Kuna swali ambalo halikosekani kwenye semina za vijana tukigusa habari za vita: "Frateri, hawa mabalozi na mikutano yao isiyokwisha wanasaidia nini? Si mwenye bunduki ndiye anayeamua?" Ni swali zuri, tena la zamani. Nilipokuwa nasoma falsafa tulikutana nalo kwa Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17. Yeye alisema kwamba pasipo mkubwa wa kuwatisha wote, watu huishi katika hali ya vita. Sasa, juu ya mataifa hakuna mkubwa. Hata Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake lenyewe, unaazima askari kwa wanachama. Kwa hesabu hiyo, kijana anayeuliza vile hajakosea sana.

Hobbes namheshimu, ila kuna jambo analipita haraka. Anataja kwamba wanaopatanisha wapewe njia salama, anatumia maneno machache tu, kisha anaendelea na mengine. Wahenga wetu walilisema hilohilo kwa maneno mawili: mjumbe hauawi. Hebu lifikirie kidogo. Watu wanauana, halafu kutoka upande wa adui anatoka mtu mmoja hana silaha, na anapitishwa. Yaani katikati ya vita yenyewe kuna jambo moja ambalo pande zote mbili zimekwisha kukubaliana. Mwaka 1961, kule Vienna, mataifa yaliandika desturi hiyo kuwa sheria: balozi hakamatwi. Diplomasia yote imesimama juu ya kipande hicho kidogo cha makubaliano.

Bwana wetu naye aliigusa. Fungua Luka 14:31-32, usome habari za mfalme mwenye watu elfu kumi anayekabili elfu ishirini. Anakaa chini kwanza, anahesabu, kisha anatuma wajumbe adui akiwa bado mbali. Mfano huo Yesu aliutoa ili kufundisha gharama ya kumfuata, sio siasa, lakini angalia mfalme yule hasifiwi kwa upole. Anajua hesabu. Wengi tunadhani diplomasia ni kazi ya watu laini wanaokunywa chai. Kumbe ni kazi ya mtu aliyekwisha kuhesabu maiti.

Twende Msumbiji, kwa sababu huko jambo hili lilionekana wazi, na Kanisa lilikuwemo ndani. Frelimo, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilishika nchi baada ya uhuru wa 1975. Miaka miwili baadaye vita vikawaka dhidi ya Renamo, kundi lililosaidiwa kwanza na Rhodesia, halafu na Afrika Kusini ya makaburu. Kadirio linalotajwa zaidi ni watu milioni moja waliokufa, wengi kwa njaa na magonjwa. Malawi peke yake ilipokea wakimbizi zaidi ya milioni moja. Serikali iliwaita Renamo majambazi wenye silaha, na kusema kweli matendo yao kwa wanakijiji yalitisha. Lakini jina hilo lilikuwa pia mlango uliofungwa. Jambazi unamkamata au unampiga risasi, hukai naye mezani.

Machi 1984 Samora Machel alitia saini Mkataba wa Nkomati na P. W. Botha wa Afrika Kusini, kwamba kila mmoja ataacha kusaidia maadui wa mwenzake. Afrika Kusini iliendelea kuisaidia Renamo kwa siri. Na Renamo yenyewe haikuwepo mezani. Vita vikaendelea miaka minane zaidi.

Hapa anaingia Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira. Angekuwa na sababu ya kuinyooshea serikali kidole, maana baada ya uhuru shule na hospitali za Kanisa zilitaifishwa. Mwaka 1988 alisafiri kwa siri hadi msitu wa Gorongosa kumwona kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama. Wote wawili walikuwa Wandau wa Sofala. Mimi naona hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka: mtu aliyeitwa jambazi akasalimiwa kwa lugha ya mama yake. Mwaka uliofuata viongozi wa makanisa, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walikutana na Renamo Nairobi.

Julai 1990 pande mbili zilikaa Roma, mtaa wa Trastevere, katika nyumba iliyokuwa zamani konventi ya watawa. Wenyeji walikuwa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, walei iliyowaanzisha Andrea Riccardi mwaka 1968 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. (Vijana, mmesikia: sekondari.) Wapatanishi wakawa wanne: Riccardi, Padre Matteo Zuppi ambaye leo ni Kardinali, Askofu Mkuu Gonçalves, na Mario Raffaelli kwa upande wa serikali ya Italia. Mwanzoni waliitwa watazamaji tu. Walipewa kazi ya upatanishi baada ya pande mbili kushindwa kukubaliana juu ya mtu mwingine yeyote. Hawakuwa na jeshi la kumtisha mtu, na hawakuwa na maslahi ya mafuta wala bandari.

Tamko la kwanza la pamoja halikusimamisha hata risasi moja. Lilisema tu kwamba wote ni ndugu wa familia moja ya Msumbiji, na kwamba watatafuta kwanza kinachowaunganisha, wazo alilolipenda sana Mtakatifu Papa Yohane XXIII. Maneno matupu? Mimi nasema hapana. Serikali iliyotia saini karatasi ile haikuweza tena kusema inaongea na majambazi. Na Renamo waliotia saini walijifunga kuongea kama raia. Halafu ikafuata kazi ya kuchosha: miezi ishirini na saba, duru baada ya duru, hati moja juu ya misingi, nyingine juu ya vyama vya siasa, nyingine juu ya uchaguzi. Wakati wote huo vijijini watu waliendelea kufa, na hilo ni zito. Lakini kupitia ubishi ule wa aya na koma, kundi la msituni lilikuwa linageuka kuwa chama.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Katika uchaguzi wa Oktoba 1994 Renamo walipata viti 112 kati ya 250 vya Bunge. Wakakaa humo.

Tusijidanganye kwamba sala na subira vilitosha. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ulikuwa unabomoka, ukame ulikuwa umewamaliza askari wa pande zote, na fedha za wafadhili zilisaidia Renamo kuwa chama. Amani yenyewe ilivunjika mwaka 2013, ikabidi kutia saini upya Agosti 2019. Ila hali zile zilihitaji meza iliyokwisha kuandaliwa. Ukame haumfundishi mtu kumwita adui yake kwa jina.

Tangu Oktoba 2017 kuna vita vingine Msumbiji, huko Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma ukitokea Mtwara. Mamia ya maelfu wamehama makwao, na baadhi yao wanaongea Kiswahili kama sisi. Majeshi ya Rwanda na ya SADC yalipelekwa mwaka 2021. Meza ya mazungumzo haijaonekana, na wengi wanasema haiwezekani, kwa sababu wapiganaji wale ni magaidi na huwezi kukaa na gaidi.

Basi kwa vikundi vyenu wiki hii, mkisha kusoma Luka 14:31-32 na ile Heri ya saba katika Mathayo 5, jadilini: je, hoja hiyo ni ileile iliyotolewa juu ya Renamo, au safari hii ni tofauti kweli? Na kama mjumbe angepatikana, apelekwe kwa nani, na aanze kwa kusema nini?