Somo la Afya: Kipimo cha Kisukari na Damu ya Mama Mfanyakazi



Daktari anayechunguza kisukari siku hizi mara nyingi hatazami sukari ya siku ile tu. Huagiza kipimo kiandikwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limekubali kuwa asilimia 6.5 au zaidi ni kisukari. Ni kipimo kizuri, lakini hutegemea chembe nyekundu za damu, na chembe za akina mama wengi wa viwandani na mashambani hazimo katika hali ya kawaida.

Ndani ya chembe nyekundu imo himoglobini. Sukari huinata polepole, kama vumbi la mkonge linavyonata kwenye nguo ya kazi: iliyovaliwa siku nyingi ina vumbi jingi kuliko iliyofuliwa jana. Chembe huishi siku 120 hivi. Basi chembe zikiwa kuukuu kupita kawaida, kipimo hupanda. Zikiwa changa, hushuka, ingawa sukari yenyewe haikubadilika.

Hedhi nyingi, uzazi wa karibu karibu, chakula duni, na minyoo ya safura inayoingia kwa miguu mitupu shambani, yote hayo humaliza madini ya chuma mwilini. Chuma kikipungua, chembe mpya hutengenezwa chache, ndogo, zenye rangi hafifu, na zile za zamani huwa nyingi kwa kulinganisha. Mama wa namna hii aweza kufika asilimia 6.5 bila kuwa na kisukari. Akitibiwa kwa vidonge vya chuma, kipimo hushuka. Kwa maoni yetu ni dhuluma mtu kuandikiwa dawa za maisha kumbe ana safura.

Mimba, selimundu, malaria inayovunja chembe, na kuongezewa damu huweza kukishusha kipimo. Hapo hatari ni kubwa zaidi, maana mgonjwa huambiwa ni mzima.

Basi mwanachama akipewa jibu la HbA1c, aulize pia himoglobini yake ni ngapi. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Aombe picha kamili ya damu. Palipoandikwa MCV, chini ya 80 maana yake chembe ni ndogo. Aliyekwisha anza dawa asiziache mwenyewe, amwombe daktari apime sukari kabla hajala: 7.0 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine, ndicho kisukari. Mjamzito hunyweshwa sukari gramu 75 kati ya wiki ya 24 na 28, kisha hupimwa.

Kipimo cha kabla ya kula hutaka mtu akae bila chakula kwa muda wa saa nane au zaidi. Mchuma chai anayeingia shambani alfajiri hawezi kufunga hivyo akiwa na kikapu mgongoni. Kamati za matawi ziweke jambo hili katika madai yao kwa mwajiri: asubuhi moja ya ruhusa, yenye malipo, kwa kila anayeagizwa kupimwa.