Moyo Wenye Maradhi Wakati wa Kipupwe

Katika nyanda za juu za Njombe na Makete, kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta baridi kali, na pengine umande huganda juu ya majani alfajiri. Mwili ukipatwa na baridi hiyo, mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi husinyaa ili joto lisipotee. Hapo shinikizo la damu hupanda, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeziba kiasi, kupasua kuni asubuhi kwaweza kuupungushia moyo oksijeni. Ndipo kifua hubana.

Hata hivyo, kukaa mekoni msimu mzima si kinga. Misuli isiyotumika hudhoofika, na hata kazi ndogo huwa mzigo kwa moyo. Lililo bora ni kutembea jua likishapanda, mgonjwa akianza polepole kwa dakika 5 hadi 10, amevaa nguo kadhaa zilizopandana, na pua na mdomo vimefunikwa kwa skafu. Mwendo ufaao ni ule unaomruhusu kuzungumza bila kutweta. Kifua kikibana, asimame mara moja na kutumia dawa aliyoandikiwa; maumivu yasipotulia baada ya dakika chache, apelekwe hospitali bila kukawia. Kiasi cha mazoezi na kiamuliwe na daktari wake.