Jua la Uingereza, Vitamini D na Mama Mjamzito

Mimi si daktari, ni mhandisi. Lakini mke wangu ni mjamzito, na mkunga alipomwambia ameze vitamini D kila siku, ilibidi nitafute sababu. Kwetu nani aliwahi kununua jua dukani?

Tuanze na hesabu. Ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na mionzi ya urujuanimno aina ya B. Desemba, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam huwa juu nyuzi 73 hivi. La London nyuzi 15 tu. Likiwa chini hivyo, mionzi hupita hewani njia ndefu karibu mara nne, na ozoni huimeza karibu yote. Ndiyo maana kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la hapa linaangaza tu. Kukaa dirishani hakusaidii, kioo kinaizuia. Na sisi weusi tunahitaji jua zaidi, kwani melanini huichuja. Dada anayevaa baibui ndiyo zaidi.

Sasa, maambukizi yanaingiaje hapa? Chembe za kinga hutumia vitamini D kutengeneza kathelisidini, protini ndogo inayoua bakteria. Mwaka 2009 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waliona kuwa wajawazito wenye upungufu walipata zaidi maambukizi ya bakteria ukeni, ambayo huhusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Lakini tuwe makini: mambo mawili kuonekana pamoja si lazima moja limezaa jingine. Haijathibitishwa kwamba vidonge vinazuia maambukizi hayo. Kwa hiyo dada ukiona uchafu wenye harufu, maumivu ukikojoa, au homa, usitegemee vitamini. Nenda kwa mkunga au daktari siku hiyohiyo.

Cha kufanya ni hiki:

1. Meza mikrogramu 10 (yuniti 400) kila siku, wakati wote wa ujauzito na wa kunyonyesha. Ndivyo huduma ya afya ya hapa inavyoshauri.
2. Usizidishe mikrogramu 100 kwa siku bila daktari.
3. Mafuta ya ini la samaki tuliyonyweshwa utotoni, acha. Yana vitamini A nyingi, inayoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Na sisi waume tusiwaachie wenyewe. Kumkumbusha mwenzio kidonge kimoja kila asubuhi si kazi kubwa.